Mwenyekiti wa Wapenzi wa Umande Jazi

Nimewahi kuishi karibu na wakubwa wa kila aina: makarani wakuu, wachungaji, jumbe mmoja mwenye wake wanne, na daktari aliyekuwa akiogopa paka. Hakuna hata mmoja wao aliyekibeba cheo chake kwa uzito kama Mwenyekiti. Na cheo chenyewe kilikuwa cha kuwaongoza watu wanaopenda bendi. Bendi ilikuwa na kiongozi wake, mtu mpole wa Ilula aliyepiga gitaa. Mwenyekiti aliwaongoza wapenzi, na kwa maoni yake hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu zaidi, kwa sababu kiongozi wa bendi anaweza kuhama wakati wowote akitaka.

Jina lake nalijua, lakini nikilitaja hapa hata watu wa Iringa wa miaka ile ya hamsini hawatajua namzungumzia nani. Mkewe mwenyewe alimwita Mwenyekiti. Akiwa amekasirika alimwita Mwenyekiti vilevile, ila kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, pale mjini, na nyumbani tulikuwa majirani Mlandege, ua wa matete katikati. Mimi nilikuwa mke wa mpiga tarumbeta wa Umande Jazi, maana yake nilikuwa mjane kila Jumamosi, na Jumapili mume akirudi alikuwa wa kulala tu. Kwa hiyo Mwenyekiti nilimfahamu kutoka pande mbili: kama jirani, na kama mtu aliyemjua mume wangu kuliko nilivyomjua mimi. Aliweza kuniambia asubuhi, "Shemeji, leo mwenzio mdomo wake hauko sawa, umempa pilipili?" Na kweli nilikuwa nimempa.

Nianze na makoti, maana huwezi kumweleza Mwenyekiti bila makoti.

Umande Jazi ilipoanza, yeye ndiye aliyeshona makoti ya wapigaji wote, ya bluu, yenye kola nyeupe. Kila koti alilipima mwilini mwa mwenyewe, na alichukua muda mrefu kuliko fundi yeyote ninayemjua, akizunguka na futi yake shingoni kama mtu anayepima kiwanja. Utaratibu ulikuwa kwamba koti ni mali ya bendi. Mpigaji akiondoka, koti linabaki, na anayeingia analivaa. Mpaka hapo hakuna ajabu, bendi nyingi zilifanya hivyo. Ajabu ilikuwa kwamba Mwenyekiti alikataa katakata kupunguza au kuongeza koti lolote. Fundi mzima, mwenye mkasi na cherehani, anamtazama kijana mpya anaelea ndani ya koti la mtu aliyekuwa na mwili wa ng'ombe, halafu anasema, "Koti yangu haipunguzwi. Akue."

"Atakua vipi, Mwenyekiti, na ana miaka thelathini?" nilimwuliza.

"Akue kwa kupiga, shemeji. Akipiga kama yule wa kwanza, koti itamkaa yenyewe."

Mpiga ngoma wa pili, kwa sababu hiyo, alipiga msimu mzima mikono ya koti ikiwa imefunika vidole. Watu wa mashamba ya chai kule Mufindi walidhani ni mtindo wa mjini. Vijana wawili watatu wa Igowole wakaanza kushonesha makoti ya mikono mirefu, na Mwenyekiti alipopata habari alifurahi sana, akasema bendi yake imeanza kufundisha nchi kuvaa.

Kuhusu wanaoondoka, alikuwa na msimamo mmoja, na aliutamka kila mara kwa maneno yaleyale: bendi ni jina. Watu ni kama maji ya Ruaha, yanapita, mto unabaki unaitwa Ruaha. Ni maneno mazuri, na mtu angeweza kuyaamini kama asingemwona Mwenyekiti siku mpigaji anapoondoka. Mpiga gitaa la pili alipokwenda zake Dar es Salaam, Mwenyekiti hakushona kwa wiki nzima. Alikaa nyuma ya cherehani akikanyaga kibao bila kitambaa. Mhindi wake alitoka dukani, akamtazama, akauliza, "Fundi, kufa nani?" Mwenyekiti akajibu, "Hakufa mtu. Ingekuwa afadhali."

Mpiga ngoma wa kwanza alikwenda migodini, kusini. Huyo alisamehewa kidogo kwa sababu alikuwa na watoto wengi. Mwimbaji ndiye aliyeleta vita. Aliokoka katika mkutano wa injili, akasimama mbele ya watu, akasema ameachana na dansi. Mwenyekiti alikuwa Mlutheri wa kubatizwa, na Jumapili aliimba besi kanisani, macho mekundu kwa usingizi wa Jumamosi. Ungetegemea angefurahi. Alikuja uani kwetu akifoka.

"Mungu ana kwaya ngapi nchi hii?" aliniuliza. "Ana ya Iringa, ana ya Ilula, ana ya Kidugala, na mbinguni wamejaa wenye mabawa. Mimi nina mwimbaji mmoja. Mmoja! Sasa hata huyo?"

Mkewe, mama mtulivu wa Kibena aliyeiita bendi "hao watu wako", alimjibu kutoka upande wa pili wa ua: "Ukimnung'unikia Mungu, na wewe atakuchukua. Tuone nani atakuwa mwenyekiti."

Basi nilikaa pale miaka, nikaona jambo ambalo yeye hakuliona, au aliliona akalinyamazia. Kila mgeni aliyeingia alipita njia ileile katika moyo wa Mwenyekiti. Miezi ya kwanza: "Huyu hakuna kitu." Alikaa kwenye kiti chake, kile cha kwanza kushoto, mikono imefungwa kifuani, akimtazama mgeni kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Msimu ukipita: "Huyu kijana, tumwache, ana kitu." Msimu wa pili: "Mnamkumbuka yule wa zamani? Huyu amemzidi mbali!" Halafu mgeni, ambaye sasa si mgeni, anapata kazi kwingine au mke kwingine, anaaga, na jina lake linakuwa Msaliti. Anayekuja nafasi yake anaambiwa hafai hata kumbebea Msaliti viatu.

Mume wangu naye alipita njia hiyo. Alipoingia kumrithi mpiga tarumbeta wa kwanza, Mwenyekiti alituletea nyumbani koti, akaliweka mezani, akamwambia, "Hii koti imezoea kupumua kwa nguvu. Usije ukaiaibisha." Mwaka wa pili alikuwa akila kwetu mara nyingi kuliko kwake. Alikuwa anafumba macho tarumbeta inapoanza, anainua kidevu, na mkono wake wa kulia unatafuta kitu hewani. Kucheza hakuwahi kucheza, miaka yote. Miguu yake ilijua kibao cha cherehani tu, na kwa kibao hicho alipiga mwendo wa kila wimbo wa Umande. Waliopita barazani walijua bendi itapiga nini Jumamosi kwa kusikiliza anavyoshona suruali.

Nasema haya ili ieleweke ilikuwaje tulipopata uhamisho.

Mume wangu alikuwa karani wa idara ya barabara. Serikali ilimpeleka Mbeya kama inavyopeleka koleo. Hakuomba, hakuulizwa. Mpiga saksafoni alikuwa ametangulia huko mwaka mmoja kabla, naye kwa uhamisho, na kiongozi mpole wa Ilula akatufuata baadaye kwa sababu ya kazi ya duka. Lakini uhamisho hukuweza kumweleza Mwenyekiti akauelewa.

"Amehama," alisema.

"Amehamishwa, Mwenyekiti."

"Miguu ni ya nani? Ya serikali?"

Nilikasirika, nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe kwao ni Njombe, na mama yake bado yuko huko akimsubiri. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikuhama, shemeji," alisema. "Mimi nilifika."

Koti nililifua na kulipiga pasi mwenyewe, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili kama anapokea maiti ya mtoto. Mume wangu alikwenda barazani kumuaga siku ya safari. Mwenyekiti alikuwa anashona. Aliendelea kushona. Mume wangu alisimama pale na kofia mkononi, lori linapiga honi, mpaka Mhindi akaona haya, akamuaga yeye badala yake. Njia nzima mpaka Makambako mume wangu alikuwa akiizungusha kofia mikononi. Nilijua kilichomuuma, maana alikuwa amefiwa na baba akiwa mdogo, na Mwenyekiti ndiye mtu mzima wa kwanza aliyewahi kumsikiliza kwa makini namna ile. Mimi nilimchukia Mwenyekiti siku ile, na nilimchukia vizuri, bila kuona haya.

Ila mimi aliendelea kunisalimu. Nilikuwa narudi Iringa kila mwaka kumwona dada yangu, na nilipopita barazani alisimama, akanipa mkono. "Kamwene, shemeji!" Kisha anaanza. Watoto hawajambo? Yule wa pili ameota meno? Kuku je? Baridi ya Mbeya inasemaje? Majirani Wanyakyusa wanawapa ndizi? Angeuliza habari za bata, angeuliza habari za bati. Mtu mmoja tu hakumuuliza, na kwetu, kumwamkia mke ukaruka mume ni kelele kubwa kuliko tusi. Nilimwuliza mkewe kwa nini mimi nimesamehewa. Alicheka, akasema, "Anasema wewe hukuwa unapiga chochote."

Sasa nije kwenye shindano, ambalo watu wa rika langu wanalisimulia mpaka leo, kila mmoja kwa uongo wake.

Huko Mbeya wale watatu wetu walikuwa wameanzisha bendi na vijana wa hapo. Ikakua. Siku ya pili ya Krismasi, mchana, ikaalikwa Iringa kushindana na Umande Jazi. Fikiria hali ya Mwenyekiti. Upande mmoja, bendi yenye jina lake, ambayo ndani yake hakukuwa na hata mtu mmoja wa mwanzo, wote wageni, wawili wakiwa bado katika miezi ya "hakuna kitu". Upande wa pili, bendi ya adui yenye jina la kigeni, na ndani yake wamesimama watu watatu waliowahi kuvaa makoti aliyoyashona kwa mikono yake.

Juu ya hayo kulikuwa na sheria. Wapenzi wa bendi ya wenyeji ndio wanaowapokea na kuwalisha wageni. Na wakati wa shindano, bendi ya wenzako ikipiga, wewe unakaa, mikono kifuani. Ukiinuka kwenye wimbo wao, umehama. Sheria hii alikuwa ameisimamia kwa ukali miaka yote. Aliwahi kumfukuza katika kamati mwalimu mmoja aliyetikisa goti.

Alitupokea. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, akasoma salamu kwa bendi ya Mbeya, "wageni wetu tusiowafahamu". Mume wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akatupakulia ugali na nyama kwa mkono wake mwenyewe, na sahani ya mume wangu ilikuwa na nyama nyingi kuliko zote, lakini aliiweka mezani akitazama dirishani.

Umande wakapiga, wapenzi wao wakacheza. Mbeya wakapiga, Iringa wakakaa kama wapo mahakamani. Ikaenda hivyo, zamu kwa zamu. Mpiga tarumbeta mpya wa Umande, maskini, alikuwa akikunja mikono ya koti kila kabla ya kupuliza. Ndipo mume wangu na wenzake wakafanya walilolipanga njiani bila kuniambia. Wakapiga wimbo wa zamani wa Umande Jazi, ule ambao Umande wenyewe walikuwa wameuacha kwa sababu hakukuwa tena na anayeuweza. Ni wimbo wa kuwasifu wapenzi wa Iringa, na katika kiitikio chake alitajwa Mwenyekiti, kwa cheo chake, mara tatu.

Hapo zikagongana sheria mbili. Ya kwanza nimeisema. Ya pili ni hii: mtu akitajwa katika wimbo, lazima ainuke, aende mbele, aipe bendi heshima yake. Kukaa ni ufidhuli usiosameheka, na aliyeisimamia sheria hiyo nayo alikuwa nani? Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Akikaa, ni mshenzi. Akiinuka, ni msaliti. Niliona shingo yake imetoka jasho, na Desemba ile mvua ilikuwa inanyesha na baridi ipo.

Akainuka. Watu wakashusha pumzi. Akatembea kuelekea mbele, polepole, mpaka karibu na jukwaa. Halafu akapinda kulia na kutoka nje kwa mlango wa chooni.

Nilimfuata. Sikujua kama nataka kumkamata au kumtukana. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, chini ya ukingo wa bati, maji yakimdondokea begani, uso umegeukia ukuta. Alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba besi ya kiitikio, kwa sauti ya chini kabisa, pamoja nao, mstari kwa mstari, na pale tarumbeta ilipoingia alinyamaza ili isikike. Nilisimama mpaka wimbo ukaisha. Alipogeuka akaniona, alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nilikuwa nakohoa, shemeji," alisema.

"Pole," nikamwambia. "Ni kikohozi kizuri."

Mwamuzi alikuwa yule Mhindi wake, kwa kuwa ndiye aliyenunua kikombe. Alisema bendi zote nzuri sana, kisha akawapa Umande Jazi. Baadaye nilisikia kwamba hakutaka kikombe chake kipande lori kwenda Mbeya. Mwenyekiti alikinyanyua juu, wapenzi wakapiga vigelegele, na sijapata kumwona mshindi mwenye huzuni kama ile. Asubuhi tulipopanda lori hakuja. Mume wangu alitazama nyuma mpaka mji ukapotea mlimani.

Miaka ikaenda. Vijana wa Iringa wakahamia kwenye mikutano ya siasa, ambako nako kulikuwa na nyimbo, na hazikuhitaji makoti. Umande Jazi ikapungukiwa mtu mmoja, halafu mwingine. Mume wangu naye alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kutoka Loleza, akang'oka meno ya mbele, yote ya juu. Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni karani tu. Tarumbeta akaifunga kwenye kanga yangu ya zamani, akaiweka juu ya kabati, na nyumba yetu ikawa na kimya ambacho sikukizoea, mimi niliyelalamikia kelele zake miaka yote.

Ndipo serikali, kwa ukarimu uleule, ikamhamisha tena: arudi Iringa. Na nyumba iliyopatikana ilikuwa Mlandege, milango miwili kutoka kwa Mwenyekiti.

Mume wangu hakulala kwa furaha, halafu hakulala kwa hofu. "Nitaishi vipi na mtu ambaye atanipita kila siku kama mti?" aliniambia. "Wewe tangulia. Kamwulize. Akisema hapana, nitaomba nyumba kule Gangilonga, hata kama ni ghali." Sauti yake ilikuwa inatoka na upepo kwenye pengo la meno, na mimi, badala ya kucheka kama kawaida yangu, nikafunga mzigo.

Nilimkuta barazani. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama, akanipa mkono. Watoto? Wazima. Kuku? Wazima. Baridi? Ipo. Akaniletea kigoda, nikakaa. Nikamwuliza habari za bendi.

"Ipo," alisema.

"Nimesikia mpiga gitaa wa mwisho ameondoka kabla ya Pasaka."

"Ameondoka."

"Sasa amebaki nani?"

Alifikiri. "Kupiga, hakuna. Lakini bendi ipo. Kamati inakutana Alhamisi. Mimi na yule mwalimu wa goti, tumemrudisha."

Nikaona nikianza kuzunguka sitafika. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: kwamba tunarudi, kwamba nyumba ni milango miwili kutoka kwake, kwamba mume wangu anaogopa, mtu mzima mwenye watoto watano anaogopa kusalimia na asiitikiwe, na kwamba ameniagiza nije nimwulize kwa sababu hawezi kuvumilia mara ya pili. Nilisema pia kwamba kama jibu ni hapana, aniambie mimi sasa hivi, nami nitajua namna ya kulifikisha. Nilisema kwa hasira niliyoitunza muda mrefu.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Nafasi ya tarumbeta," alisema mwisho, "haiko wazi."

Niliinuka. Nilikuwa tayari nimeshika kanga yangu.

"Kaa, shemeji. Haiko wazi kwa sababu ina mwenyewe. Tangu aondoke, hao wengine wote niliwaambia: mnashikilia tu."

Basi ikanibidi nimwambie lililobaki, na lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Nikamweleza juu ya baiskeli, juu ya meno. Nikamwambia hatapuliza tena, hata filimbi. Alisikiliza kwa makini sana, kichwa kimeinama, mkono wa kulia umetulia juu ya cherehani.

"Yote ya juu?" aliuliza.

"Yote."

"Anaweza kula nyama?"

"Ikichemshwa sana."

Akamwita mkewe, ambaye siku hizo alikuwa akiuza maandazi upande wa pili wa baraza, akamwambia Jumamosi achemshe nyama tangu asubuhi. Mkewe akauliza mgeni ni nani. Mwenyekiti akajaribu kujibu mara mbili, sauti ikakataa kutoka, na safari hii hakusema anakohoa. Mimi ndiye niliyemjibu mama wa watu.